Sumaku Aliita

Sparkhill, Birmingham, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Pokea salamu zangu kwanza, ingawa nazituma kutoka chumba cha chini kwenda chumba cha juu, na ingawa kwa miezi hii mimi na wewe tunasalimiana kama wapangaji. Mimi mzima. Goti linauma lakini halijanishinda, wala halitanishinda. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, tangu neno la kwanza, hakuna aliyenishikia kalamu. Ukiona herufi zimelala, ziinue wewe kwa macho, msomi ni wewe.

Umetoka saa nane kwenda Stechford kuagana na wenzako wa timu. Nimekuona kupitia dirisha ukikimbilia basi na begi lako la glovu. Kwa hiyo nina muda mpaka magharibi.

Sitakwambia ule nini huko Newcastle, wala uvae nini. Hayo mtaa mzima umeshakwambia, mpaka yule mama wa Kikongo wa duka la vitambaa amekuletea soksi za sufu. Mimi nina jambo moja tu. Kesho saa tatu asubuhi unakwenda kusoma udaktari, na anayekupeleka kwa gari lake ni Dokta Haji, mtu niliyekula yamini kwamba hatakanyaga kizingiti changu. Najua mmepanga akusubiri kwenye kona, pale duka la nyama, na wewe uburute masanduku mawili kutoka hapa mpaka kule kama mwizi. Nilikusikia ukimwambia kwenye simu. Mimi mzee, si kiziwi.

Basi kabla hujayaburuta, nisome.

Haji huyo unayemwita Uncle, sisi tulimwita Sumaku. Tulikulia Ng'ambo ya Unguja, nyumba mbili zikitutenganisha. Timu yetu ya mtaani tuliiita Radi. Mpira wa ridhaa, hakuna aliyelipwa hata soda. Jezi tulikuwa nazo kumi tu, na kipa akivaa shati lake la skuli. Yeye ndiye kipa, mimi beki wa kati mbele yake. Na nikwambie ukweli ambao huko Unguja hakuna atakayeubisha: beki kama mimi hakuwahi kutokea. Kichwa changu kilikuwa jiwe. Mpira wa kona ukija juu, washambuliaji walikuwa wanaangalia kwanza Makame yuko wapi.

Lakini Sumaku alikuwa kitu kingine. Hana glovu, alijifunga vidole kwa vitambaa vya shuka kuukuu, na mpira ukimjia unakaa. Haudundi, hautoki. Unakaa. Na nyuma ya goli kila siku kulikuwa na kitabu chake kimelazwa kwenye majani. Sisi tukishambulia upande wa pili, yeye anasoma. Mashabiki walikuwa wakimpigia kelele, "Sumaku we, weka kitabu, wanakuja!" Naye anafunga ukurasa, anadaka, anaurusha mpira, anarudi kusoma. Wallahi nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kulikuwa na sheria moja baina ya kipa na beki, na wewe unaijua, umecheza golini miaka minne. Kipa akiita "Yangu!", mpira ni wake. Beki unapisha, hata kama mpira uko mbele ya pua yako. Hakuna mjadala.

Siku ya fainali ya wilaya tulicheza na timu ya bandarini. Bila kwa bila, dakika zimekwisha. Ikapigwa kona. Mpira ukaja juu, nikaruka, na Sumaku akaruka. Paji langu la uso likakipiga kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, kikavunjika kama kijiti cha kiberiti, na mpira ukaingia wavuni taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani. Tukafungwa.

Watu wakavamia uwanja. "Nani kafanya hivi? Nani?" Nikasimama nikasema, "Kipa hakuita. Angeita ningepisha." Sumaku alikuwa amekaa chini ameshika mkono. Wakamgeukia, "Uliita au hukuita?" Akanitazama mimi. Hakusema kitu.

Baada ya pale mtaani wakamwita Bubu. Hata watoto wakimpita wanamzomea, "Yangu! Yangu!" Hakucheza tena. Lakini alipopelekwa kufungwa kidole, akamtazama tabibu anavyounganisha mfupa, kesho yake akarudi kutazama wagonjwa wengine, na kesho kutwa. Wakampa kazi ya kuosha chupa. Kutoka chupa akaenda kwenye sindano, kutoka sindano akapelekwa Urusi kusoma, akarudi daktari. Ndiyo maana mimi kwa kinyozi hapa Stratford Road nimekuwa nikijisifu miaka yote: udaktari wa Haji umetoka kwenye paji langu la uso. Watu wanacheka. Na mimi nacheka nao.

Nilikuja mimi kwanza nchi hii. Nikafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, kilipofungwa nikaingia hospitali kusukuma vitanda vya wagonjwa. Haji akaja baadaye, akafanya mitihani yao upya akiwa mtu mzima mwenye mvi, akalala sebuleni kwetu, hapo lilipo kochi, miezi saba. Mama yako Mwanaidi alikuwa akimpikia boko boko kabla ya mitihani. Alipofaulu, tulikuwa na daktari wetu. Kila Jumapili anakuja, anakula, anakubeba wewe mabegani. Nilimwamini mtu yule kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Nataka ulijue hilo kabla ya kusoma yafuatayo.

Ulikuwa na miaka kumi. Ramadhani ilikuwa imepita wiki mbili. Siku ile haikuwa zamu yangu, nilibadilishana na mwenzangu aliyekuwa na harusi. Nikapewa karatasi chini, wakaniambia panda ghorofa ya nne, kitanda cha sita, umshushe mgonjwa kwenye chumba cha picha za eksirei. Nikapanda na kitanda changu nikipiga mluzi. Nikavuta pazia.

Mama yako. Amevaa joho lile la hospitali. Na kwenye kiti, Haji, ameshika mkoba wa mama yako mapajani.

Mimi nilikuwa nikijua yuko darsani. Kila Alkhamisi alikuwa akiniaga anakwenda darsa la wanawake, na mimi nikimwambia uniombee dua.

Unajua nilifanya nini? Kazini kuna sheria, kabla ya kumsukuma mgonjwa unamwuliza jina lake. Nikasimama wima nikamwuliza kwa sauti ya kazi, "Jina lako nani? Umezaliwa lini?"

"Makame..." akasema.

"Jina lako nani?"

Akalitaja. La kwake, la baba yake, la babu yake. Akataja na siku aliyozaliwa. Nikamsukuma. Haji akafuata nyuma kwenye ule ukumbi mrefu.

"Ulijua," nikamwambia, sikugeuka.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Shaabani."

"Umefuturu kwangu mwezi mzima. Umekaa kwenye mkeka wangu unatafuna sambusa za mke wangu, unanitazama usoni, na unajua."

"Aliniomba, Makame."

"Mimi ni mumewe!"

"Ndiyo," akasema. "Na yeye ndiye mgonjwa."

Jibu lile, Zuhura, limekaa kifuani mwangu miaka minane kama mfupa wa samaki. Uvimbe wa titi ulikuwa umeshafika kwenye ini. Hakumaliza miezi minne.

Siku ya hitma, nyumba imejaa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, Haji akaja na kanzu yake nyeupe. Nikamzuia mlangoni mbele ya watu wote. Nikasema, "Huyu aliuficha ugonjwa wa mke wangu mpaka ukamuua. Daktari gani huyu? Rafiki gani?" Akasimama pale. Mvua inanyesha. Mashekhe wananitazama mimi, wanamtazama yeye, wanangoja ajitetee. Akasema, "Poleni," akaondoka. Na Waswahili wa Birmingham nzima, wa Sparkhill na wa huko mwisho Shard End, wakaacha kumwalika. Kwenye maziko watu wanahama safu wasisimame naye. Neno langu lina uzito hapa mjini, hujui?

Sasa nije kwako.

Mwezi wa tatu nilikuja uwanjani kwenu Stechford bila kukwambia. Nilitaka nikustukize. Nilikuletea na chai kwenye chupa. Nikasimama mbali, nyuma ya magari. Na nyuma ya goli lako nikaona mgongo wa mtu. Mgongo ule naujua, nimecheza mbele yake miaka sita. Anapiga kelele kwa Kiswahili, "Ita mapema! Sauti, Zuhura, sauti!" Ikapigwa kona. Na wewe, mwanangu, ambaye tangu una miaka mitano nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, uliruka ukaita "Yangu!" mpaka njiwa wakaruka. Wasichana wa Kizungu na wa Kipunjabi wote wakainama. Wanalijua neno! Ukaudaka, ukakaa.

Nikarudi kwa basi na chai yangu.

Jioni ile tuligombana, unakumbuka. Nilikwambia, "Umekwenda kumtafuta muuaji wa mama yako." Ukanijibu kwa Kiingereza chako cha haraka kwamba ndiyo, ulimtafuta mwenyewe, ukiwa na miaka kumi na tano, ukamwuliza uso kwa uso kwa nini alimwacha mama yako afe. Nikauliza, "Akakwambia nini?" Ukasema, "Kila mara ananijibu neno lile lile. Muulize baba yako." Kisha ukasema, na hili ulilisema kwa Kiswahili ili liniume vizuri, "Haya baba, nakuuliza."

Nikaondoka mezani. Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nilijiona nimesalitiwa na watu watatu. Mama yako alikwenda kwa mwingine. Rafiki yangu alinizunguka. Na mtoto niliyemlea peke yangu, nikamsuka nywele kwa mikono hii ya kiwanda, akaenda kumfuata yule yule. Hata leo ninapoandika donge liko pale pale. Silifichi.

Lakini umeniuliza, na kesho hupo.

Kuna mkebe wa biskuti juu ya kabati la jikoni, ule wa bluu ambao nimekukataza kuugusa. Ndani mlikuwa na barua tatu za hospitali. Nimezitoa, nimezitia ndani ya bahasha hii. Zisome kwa tarehe.

Zilikuja mwaka mmoja kabla ya siku ile ya pazia. Mama yako alikuwa amekwenda kliniki na jirani, wakamwambia hospitali itakuandikia. Ikaja ya kwanza. Yeye alijua kusoma msahafu na Kiswahili chake, Kiingereza hajui. Akaniletea jikoni mikono imejaa unga. "Nisomee, babaake Zuhura." Nikaishika, nikaipeleka dirishani, nikaiweka mbali na macho, nikakunja uso. Nikasema, "Hamna kitu. Wanasema uko salama, wakikuhitaji watakuita."

Ikaja ya pili. Nikasema, "Hawa wanakukumbusha sindano ya mafua."

Ya tatu ilikuwa na herufi nyekundu juu. Hiyo sikumwonyesha kabisa. Niliitia mkebeni.

Mwanangu, mimi sikuwa najua kusoma. Nimewaambia watu maisha yangu yote nilifika darasa la saba. Niliacha la pili. Kiwandani nilijua namba. Hospitali nilizijua rangi za mistari sakafuni, na sheria ile ya kumwuliza mgonjwa jina ndiyo iliyokuwa ikiniokoa kila siku. Siku ile ya pazia, jina la mama yako lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi niliyoishika mkononi tangu ghorofa ya chini. Nilipanda nalo ghorofa nne nikipiga mluzi.

Uvimbe ulipokua, mama yako alizichukua barua mbili zile, alizokuwa ameziweka mwenyewe, kimya kimya akampelekea Haji. Haji akasoma. Miadi yote miwili ilikuwa imeshapita zamani. Papo hapo wakajua, wote wawili, ugonjwa wake na ugonjwa wangu. Mama yako aliniambia haya mwenyewe kitandani, wiki ya mwisho. Alisema, "Usimlaumu Haji, nilimwapisha. Nilimwambia Makame akijua ni zile barua, atakufa kabla yangu. Na Zuhura atabaki na nani?" Kisha akasema, "Ziweke mkebeni, zisizagae."

Basi siri aliyoificha Haji haikuwa ya mama yako peke yake. Ilikuwa yangu. Na mimi nilikuwa nikijua, mwanangu, niliposimama mlangoni siku ya hitma nikanyoosha kidole. Nilijua kama nilivyojua siku ya fainali.

Kwa sababu siku ile ya fainali Sumaku aliita. Aliita mapema, na sauti yake ilikuwa wazi kama adhana. Niliisikia. Niliruka kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kichwa cha Makame, na watu walikuwa wakitazama.

Hasira yangu kwake, kama unataka kuijua ilivyo, si kwamba alinificha. Ni kwamba alinihurumia, na mama yako akanihurumia, wakakaa pamoja wakanipangia huruma nyuma ya mgongo wangu kama mtu anayepangiwa sanda. Mtu wa namna yangu akihurumiwa kwa siri anaona ameibiwa. Sijui kama vitabu vyenu vina jina la maradhi hayo.

Utajiuliza hii barua basi kaiandika nani. Mimi. Baada ya mama yako kufa, kila jioni nilikaa nawe mezani nikikwambia lete nikague kazi zako za skuli. Ulikuwa ukiweka kidole chini ya neno unalisoma kwa sauti, na mimi nafuata kidole. Ulidhani nakusikiliza. Nilikuwa darasani. Ulipofika darasa lile la sayansi ngumu, mimi nilikuwa naweza kusoma vibao vya maduka yote ya Stratford Road. Siku moja ulipokwenda skuli nikaushusha mkebe. Nilichukua asubuhi yote, neno kwa neno, barua zote tatu. "Tafadhali njoo bila kukosa." Nilisoma hivyo mara ngapi sijui. Wewe ndiye uliyenifundisha kuisoma hukumu yangu, na siku ile nilikuchukia kidogo. Nisamehe kwa hilo nalo.

Haji alimwambia mama yako wakati ule, kama ilivyo desturi yake ya kupunguza mambo, pengine hata tungewahi ingekuwa vile vile. Utakuwa daktari, utazisoma tarehe, utajua mwenyewe kama alisema kweli au alinifunika tena. Ukijua, usinifunike. Niambie.

Sina mawaidha. Nitakuomba kitu kimoja cha kazi. Siku moja atakuja mbele yako mzee anayejisifu, atapewa karatasi, ataipeleka mbali na macho, atasema miwani yake ameisahau nyumbani. Usimpe karatasi ile aende nayo. Wala usimwulize kama anajua kusoma, atakwambia anajua, atakutajia na darasa. Mkalishe, mwambie yote kwa mdomo, siku, saa na mlango, umwambie ayarudie. Zungumza naye kama mnapiga soga. Atatoka pale akikuona daktari una domo. Mwache akuone hivyo.

Magharibi inakaribia. Nimesikia basi, lakini si lako.

Sikuombi usome barua hii halafu unikumbatie. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nimestahili, na chai ya safari nitaiweka mezani uichukue mwenyewe. Ila mpigie Haji simu usiku huu. Mwambie asisimame kwenye kona. Aje mlangoni, alete gari hapa mbele, jirani wahamishe magari yao, nitawaambia mimi. Na nimeshamwambia kinyozi leo asubuhi, mbele ya watu wanane waliokuwa wakingoja zamu, kwamba ile fainali Sumaku aliita. Na habari ya barua nimewaambia. Kinyozi alizima mashine. Hakucheka mtu.

Masanduku yako nitayashusha mimi ngazi zote, goti litake lisitake. Nitafika nayo kizingitini. Haji akiweka mkono kwenye mshikio, mkono ule wenye kidole kilichopinda, akasema, "Yangu, Makame," nitaachia.

Babaako,
Makame